Bunduki ya Noeline katika Kibanda cha Murdo

Noeline Cuthill alikuwa amenyonyoa bata wengi kuliko wale ambao mwanamume yeyote wa wilaya ya Southland aliwahi kuwaua, na hakuwahi kufyatua bunduki hata siku moja. Ndivyo mambo yalivyokuwa huku. Jumamosi ya kwanza ya Mei wanaume waliondoka kungali giza, wakarudi buti zimejaa matope na midomo imejaa hadithi, wakamwaga ndege juu ya meza ya bandani, na wanawake wakakaa na ndoo zao. Manyoya mpaka puani. Kisha wanaume wakala.

Hakulalamika. Si kwamba alikuwa mpole, asikudanganye mtu. Mwanamke mpole hawezi kuwapikia wakata manyoya ya kondoo, watu wanaoingia jikoni na njaa ya fisi na kushika sahani kama wanavyomshika kondoo. Kuna mmoja alisema nyama ya Noeline ni ngumu. Alimtoa nje kwa ukosi wa shati, na yule mtu akaomba radhi dirishani ndipo akapewa pudini. Hapana, hakulalamika kwa sababu aliona bata ni mambo ya mumewe Murdo, kama jiko lilivyokuwa mambo yake. Kila mtu na eneo lake.

Basi mwisho wa baridi kifua kikamchukua Murdo. Noeline akabaki na nyumba, na bustani ya tanipu ambayo sungura waliigeuza mgahawa wao, na kibanda.

Kibanda hicho kilikuwa kwenye bwawa la mzee Struan Geddes. Cha kuvizia bata, cha mabati na matawi, kimepandwa ukingoni na miguu yake majini. Noeline ndiye aliyebeba mabati. Ndiye aliyekata matawi. Ndiye aliyesimama majini mpaka kiunoni akishikilia nguzo huku Murdo akigonga juu na kusema, "Shikilia, mke wangu, shikilia kidogo tu," na hicho kidogo kilichukua nusu ya siku. Lakini kilipokwisha hakuwahi kukaa ndani yake. Murdo alikwenda, akarudi amenyamaza, na Noeline hakuwahi kujua mumewe alikuwa akiona nini mle.

Sasa mzee Geddes alikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa baba yake. Vibanda vya bwawani kwake havikuwa na mwenye jina, vilikuwa na mwenye bunduki. Asubuhi ya kufungua msimu alizunguka bwawa lote na fimbo na mbwa wake, akisimama kwenye kila kibanda na kuuliza neno moja tu: bunduki ya nani? Nyumba isiyokuwa na bunduki siku hiyo, kibanda chake kilipewa mwingine, na waliokuwa wakingoja hawakuwa wachache. Hakuna aliyebishana naye. Bwawa ni lake.

Mwezi wa Machi, Lachie, mdogo wake Murdo, alikuja na kikapu cha chaza, akaketi jikoni, akala mkate wa jibini mmoja, akala wa pili, kisha akasema kilichomleta.

"Shemeji, usijisumbue na kibanda. Nitakikalia mimi. Fungu lako la bata nitakuletea hapa hapa mlangoni."

"Nani kasema nasumbuka?"

"Si nasema tu."

"Basi usiseme. Kula."

Lachie akala. Alikuwa mtu mwema, ila alizaliwa wa mwisho, na mtoto wa mwisho huzoea kuachiwa vitu.

"Nitakaa mwenyewe," Noeline akasema.

"Wewe? Na nini, ufagio?"

"Na bunduki."

Lachie alicheka mpaka jibini ikampalia. "Shemeji, bunduki wewe unaijua kwa kuipangusa vumbi."

"Leseni ninayo. Mtihani nimefanya, na polisi kaja kukagua mpaka sefu nilipoifunga ukutani. Wewe ulifaulu mara ya ngapi vile?"

Lachie akapunguza kicheko. Wilaya nzima ilijua kwamba mara ya kwanza alishindwa.

"Haya," akasema, masikio yamemwiva. "Asubuhi ya kufungua msimu ukiangusha bata, mmoja tu, kwa bunduki yako mwenyewe, sitatia neno tena mpaka nife. Usipoangusha, kibanda changu."

"Sawa."

Mdomo wa Noeline ulikuwa na tabia ya kutangulia. Alipokuwa akiosha vikombe ndipo akili ilipomfikia, akasimama na kikombe mkononi, maji yakitiririka. Bata anayeruka, na mwanamke ambaye hajawahi kupiga hata kopo. Lakini alikuwa amesema sawa, na angekula kikombe kile kabla ya kumpigia Lachie simu kurudisha neno lake.

Bunduki aliyoitaka kwanza ilikuwa ile ya ukoo. Ni bunduki ya marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ya babu yao Murdo, imechorwa bata wadogo kwenye chuma chake. Murdo alipofariki Noeline hakuwa na leseni, kwa hiyo Lachie ndiye aliyeitunza. Alipoombwa aliileta siku ileile, imefungwa ndani ya blanketi, na sauti yake ikabadilika kidogo alipoikabidhi. "Hii ndiyo bunduki ya kina Cuthill," akasema. Noeline akaipeleka mjini Gore, dukani kwa Ropata Tamou, akijiona amekwisha maliza kazi.

Ropata alikuwa mtu mnene asiyeharakishwa na chochote. Ujanani alikata manyoya ya kondoo na kula jikoni kwa Noeline.

"Mama! Bado unawatoa watu nje kwa ukosi?"

"Wakistahili. Niangalizie hii."

Ropata aliivunja katikati, yaani akaifungua kwenye bawaba yake, akaangalia kama ina kitu, akaielekeza dirishani na kuchungulia mitutu, muda mrefu, kama daktari anayetazama koo.

"Nzuri sana," akasema. "Nenda ukaitundike ukutani."

"Sikuja kununua picha, Ropata."

"Sikiliza, mama. Zamani marisau yalikuwa ya madini ya risasi, laini. Siku hizi majini sheria inataka ya chuma, ili bwawa lisitiwe sumu. Chuma hakibonyei. Mitutu hii imebana mdomoni, na kuta zake nyembamba, ilitengenezwa kwa kile kitu laini. Ukipitisha chuma humu, heri yako ikivimba kama nyoka aliyemeza yai. Shari yako ikipasuka, na uso wako uko hapo karibu. Halafu hebu inyanyue."

Noeline akainyanyua. Kitako kilikuwa kirefu mno, kikamkwama kwapani, na shingo ikabidi inyooke kama ya bata mzinga.

"Ilichongwa kwa mtu mrefu," Ropata akasema.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka lionekane. Alikuwa amejiona tayari, ameketi na bunduki ya kina Cuthill, na Lachie akitazama. Akaanza kuzunguka dukani akiwa amekunja uso. Ukutani palikuwa na nyingine, ya mti mwekundu unaong'aa, ndege wa dhahabu ubavuni. Aliishika. Ilikuwa baridi na laini, na mtu angeweza kuipenda.

Lakini pesa yake ilitosha bunduki mbili za kawaida, au moja ya kujionyesha. Na haja zake zilikuwa mbili: ya marisau kwa bata, na ndogo ya risasi moja moja kwa sungura wa bustanini na kwa kulenga karatasi siku za Jumapili, kwa sababu alikuwa amesikia huko klabuni watu hucheka na kunywa chai, na nyumba yake ilikuwa kimya mno.

Akakumbuka kisu. Bwana mmoja wa shamba aliwahi kumpa kisu cha jikoni chenye mpini wa mfupa, kizuri hata wageni wakakiomba wakitazame. Alikitundika. Kazi yote ya miaka aliifanya kwa kisu kifupi cha mpini mweusi wa plastiki, kile wanachotumia machinjioni, kwa sababu kilikaa mkononi na kilinoleka. Hakuwahi kuona aibu kwa ajili ya kisu kile. Iweje aone aibu leo?

"Nionyeshe za kazi," akasema.

Ropata alianza na ndogo. Ilikuwa imetumika, ya kufunga kwa komeo kila unapotia risasi, kitako kimekwaruzwa kwaruzwa.

"Anza na hii. Haipigi kelele, haikupigi bega, na risasi zake ndizo rahisi kuliko zote, utapiga mpaka uchoke. Itakufundisha kidole na pumzi. Watu wananunua kubwa kwanza kwa fahari, wanaumia bega, wanaanza kufumba macho kabla ya mlio. Ugonjwa huo ukiingia hautoki."

"Imekwaruzwa."

"Ndani haijakwaruzwa. Chungulia."

Noeline akachungulia. Ndani kulikuwa safi, mistari inazunguka na kuzunguka mpaka kwenye mwanga. Akaiweka kando, maana yake ameichukua.

Za marisau zilikuwa kazi zaidi. Ropata alimwambia afumbe macho, anyanyue bunduki mpaka shavuni bila kujikaza, kisha afumbue na aseme anachokiona.

"Ukuta wa chuma," akasema kwa ya kwanza.

"Ndefu. Hii je?"

"Mbingu. Mtutu siuoni kabisa."

"Hii?"

Akafumba, akanyanyua, akafumbua. Akakaa hivyo, shavu juu ya kitako.

"Mama?"

"Naona njia. Nyoofu. Na ile shanga ya kulengea mwisho wake."

"Basi hiyo."

Noeline aliishusha na kuitazama. Ilitengenezwa Uturuki, mtutu mmoja juu ya mwingine, tundu zake nyembamba kidogo kuliko za wanaume wengi wa bwawani, chuma cheusi kisicho na mchoro hata mmoja, na mti wake kama wa kreti la matufaha.

"Ni mbaya," akasema.

"Mbaya kweli. Ila chuma inakubali, imeandikwa hapo mtutuni. Na ukiivunja unaona kwa macho yako kama ina kitu au haina."

"Ni ya wanawake?"

"Ni ya mtu mwenye mikono kama yako. Shemeji yangu anayo, na ana ndevu mpaka hapa."

Akazinunua zote mbili. Ile ya kina Cuthill akamrudishia Lachie ndani ya blanketi lake, bila maelezo, kwa sababu Lachie alipoiona ile ya Uturuki alikuwa na mengi ya kusema. "Hii umeinunua au wamekulipa uiondoe?" alisema. Mtu wa maneno hayo unamweleza nini?

Jumapili zilizobaki alikwenda klabuni. Ndogo ile walielewana upesi. Alijifunza kuvuta pumzi, kuiachia nusu, na kubonyeza kidole polepole mpaka mlio wenyewe umshtue. Matundu kwenye karatasi yakaanza kukaribiana kama watu wenye baridi. Bustanini sungura walipungua, na waliobaki wakawa na adabu.

Ile ya marisau ilimdhalilisha. Visahani vya udongo vilirushwa hewani, akavilenga kama alivyolenga karatasi, kwa uangalifu wote, na vyote vikaanguka nyasini vizima. Ropata, ambaye Jumapili ndiye aliyevirusha, alimwacha ashindwe mpaka uso ukawa mwekundu.

"Mama, ukimtupia mfupa mbwa anayekimbia, unamtupia alipo?"

"Anakokwenda. Mimi si mjinga."

"Na mkono unausimamisha kabla ya kuachia?"

Noeline alitia risasi. Kisahani kikaruka, akakifuata kutoka nyuma, akakipita, akafyatua mkono ungali unakwenda, na kile kitu kikageuka vumbi. Alitaka kupiga kelele. Alisema tu, "Kingine." Kingine alikikosa. Mpaka Mei inaingia alikuwa akivunja kimoja, akikosa viwili, na hakuna aliyemwambia kwamba bata ni rahisi zaidi.

Asubuhi yenyewe nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Lachie alimkuta kibandani amekwisha keti, bata wa bandia wanaelea mbele yake.

"Nimekuja kushuhudia," akasema, akajipenyeza kwenye benchi. Akafungua blanketi. Ilikuwa ile ya kina Cuthill. Akatoa risasi mbili mfukoni.

"Hizo za chuma?"

"Sheria ni sheria."

"Zirudishe mfukoni."

"Shemeji, bunduki hii imeua bata kabla wewe hujazaliwa."

"Kwa marisau laini. Hizo zitaivimbisha au zitaipasua, na mimi nimekaa ubavuni kwako na macho yangu mawili tu."

"Murdo aliitumia."

"Murdo aliitundika. Tangu sheria ibadilike, uliwahi kumwona akiileta majini? Hebu kumbuka."

Lachie akakumbuka. Alikaa na zile risasi kiganjani, akizigeuza. Noeline alimtazama kwa pembeni na hasira ikamtoka, maana alijua vizuri kabisa alichokuwa akitaka: kukaa pale na kitu cha kaka yake mikononi. Yeye mwenyewe alikuwa amelitaka jambo hilohilo dukani, na aliponyimwa lilimuuma vilevile.

"Hata mimi mwenzio Ropata alinikataza," akasema. "Nilinuna siku mbili."

Lachie akarudisha risasi mfukoni, akaitundika ile bunduki kwenye msumari, imevunjwa, tupu.

Kukapambazuka. Milio ikaanza kwenye vibanda vya ng'ambo, na bata wakaja, juu, wanapiga mbawa kama watu waliochelewa. Noeline akasimama, akafyatua, akakosa. Wakaja wengine, akakosa tena, na safari hii alijua kwamba amesimamisha mkono. Lachie alikuwa na haki ya kusema na hakusema. Kisha jua likatoka, ndege wakaenda kukaa katikati ya maji mbali, na kukawa kimya.

Lachie akamimina chai.

"Murdo alikuwa akifanya nini humu saa zote zile?" Noeline akauliza.

"Anakaa."

"Anakaa tu?"

"Hakuwa anapiga sana, unajua. Wale ulionyonyoa, wengi ni wangu. Yeye bata wakija angesema, wamekuja vibaya, waache. Hata waje vizuri namna gani."

Noeline akashika kikombe kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo, na mtu hakusema. Akatazama maji, mvuke unavyoondoka juu yake taratibu, na ndege mdogo mwenye mkia kama upepeo akitembea juu ya kichwa cha bata wa bandia. Alipokuwa akitazama hivyo Lachie akamgusa kiwiko.

Bata wawili walikuwa wanashuka. Walikuja chini, moja kwa moja, mbawa zimetulia, polepole kama wamekodishwa. Noeline akanyanyua. Ile njia ikawa mbele yake, shanga ikampita bata wa mbele, kidole kikagusa. Hapo akaona, nyuma ya ndege, kule ukingo wa pili, kofia. Mzee Geddes na fimbo yake, mbwa nyuma.

Akashusha mtutu.

"Piga! Shemeji, piga!"

Bata wakapita karibu hata upepo wa mbawa ukasikika, wakaenda zao.

"Umepooza? Hao ungewaangusha kwa mwiko!"

Noeline akaonyesha kwa kidevu. Lachie akatazama ng'ambo, akaiona ile kofia ikitembea kwenye matete, na rangi ikamtoka usoni. Akaketi.

Hakuna bata mwingine aliyekaribia. Mzee Geddes alizunguka, akafika, akasimama nyuma ya kibanda akipumua kwa nguvu. Hakujua lolote.

"Habari za asubuhi. Bunduki ya nani?"

Noeline alikuwa ameamua. Alisema sawa, na sawa ni sawa. Akafungua mdomo amtaje Lachie, na kwa mara moja maishani mwake mdomo ukachelewa.

"Ya shemeji," Lachie akasema.

Mzee akanyoosha fimbo kwenye msumari. "Na ile?"

"Ile imekuja kutembea tu."

Geddes akaitazama ile bunduki tupu, akamtazama Noeline na ile nyeusi magotini. "Bunduki ya Noeline," akasema, kama mtu anayejikariria asisahau, akapiga mluzi kumwita mbwa, akaenda kwenye kibanda kinachofuata.

Alipokwisha kwenda mbali Noeline akamgeukia Lachie.

"Nimeshindwa. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana habari ya bata. Yeye kauliza bunduki. Mimi leo sina bunduki, umeninyang'anya mwenyewe."

"Sitaki huruma yako, Lachie Cuthill."

"Huruma gani? Ningekuwa mimi ningepiga. Ndiyo hivyo. Ningepiga." Akakwaruza goti. "Hebu nipe hiyo takataka yako nijaribu."

Akampa. Bata mmoja alipita peke yake, juu sana, upande wa wazi. Lachie akanyanyua, akafyatua, akakosa, na kwa kuwa kitako kilikuwa kifupi kwake, kidole gumba chake mwenyewe kikampiga pua. Damu. Akaketi akitukana, mkono usoni, machozi yakimtoka.

"Nani ametengeneza kitu hiki? Cha kuulia wenyewe?"

"Inua kichwa. Acha kulalamika, damu itakauka."

Akamtupia kitambaa, akaichukua bunduki yake, akaivunja, akachungulia mitutu yote miwili mpaka akaona mwanga safi mwisho wake. Akatia risasi. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka kusini, na bata huja na mawingu, au hawaji.

"Sogea," akasema. "Umekaa mahali pangu."